Si Wewe Uliyeyakausha Maboga

Nachingwea, alasiri

Mwanangu Somoe,

Utacheka kupata barua kutoka kwa mtu uliyemwamkia asubuhi hii hii. Shikamoo yako nimeshaipokea, afya yangu unaijua, kikohozi changu unakisikia kila alfajiri, kwa hiyo yale ya mwanzo wa barua tuyaruke. Wewe na mama yako mmekwenda Chiola kumuaga shangazi yako. Mimi nilisema nina bango la duka la kumaliza. Bango lile nililimaliza juzi. Nimebaki ili niandike haya, kwa sababu mara tatu wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo, na mara zote tatu nimeishia kuzungumzia bei ya ufuta.

Ya safari yako ya kwenda chuoni siyagusi. Mama yako amepanga na kupangua sanduku lako mpaka bawaba zinalia, amekuonya juu ya maji ya kunywa, juu ya marafiki, juu ya kuanika kanga mbali na macho yako, na alilolisahau yeye shangazi yako huko Chiola atakuwa amelikumbuka. Mimi nina neno moja tu. Limenikaa kooni miaka sita.

Wiki mbili zilizopita mama yako alinisimulia jambo ulilomwambia mkipepeta mtama. Chuo kimeandika kwamba kila mwanafunzi atapewa tuta lake la bustani, alilime, apande, alitunze, na mwalimu atapita kukagua. Ukamwambia mama, "Nitaomba wanipe kazi ya kufagia jiko badala yake. Sitaki kuwaharibia wenzangu." Mama yako alinisimulia huku anacheka, akidhani umechoka jembe. Mimi sikucheka. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, pale ilipokuwa bustani yako.

Somoe, hukuharibu kitu. Maboga yale niliyaua mimi.

Nimeiandika, na sasa naitazama. Ni sentensi fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeimudu. Tatizo halikuwa urefu wake.

Kumbuka kiangazi kile. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wameanza kufunga virago, matrekta yao yamelala porini na nyasi zinayapanda. Mimi nilikuwa nawaandikia namba kwenye magari na herufi kwenye mabango, kazi ya brashi na rula. Mmoja wao, aliyekuwa anarudi kwao, alitaka picha ya mkewe ya kuchora kwa mkono. Nikamchora. Pua haikukaa sawa, lakini alifurahi, akaniachia kamera yake ya boksi, sinia tatu za kusafishia picha, na chupa za dawa. Karani mmoja alinisomea maelezo mara mbili, nikayashika. Kuanzia siku ile baba yako akavimba kichwa.

Nilikuwa fundi wa herufi. Sasa nikataka kuwa fundi wa kila kitu. Nilichonga fremu za mninga. Nilichora ngamia kwenye ukuta wa duka la chumvi, mimi ambaye ngamia sijamwona hata mkia. Nilipaka rangi picha za watu kwa brashi ndogo, nikawatia mabibi harusi wekundu wa mashavu mpaka mama mmoja akaniuliza binti yake kapigwa na nani. Na lile pazia la kitambaa cha marekani, la kuning'iniza nyuma ya wanaopigwa picha, nadhani hujalisahau: bustani ya waridi, ngazi za mawe, na bwawa lenye ndege weupe. Wewe ndiye uliyeniambia nizidishe kijani. Tulikaa siku nne barazani, rangi mpaka kwenye visigino, ukawa unaniita atati, yaani baba kwa Kiyao cha mama yako, kila ulipotaka nikuachie brashi. Sijapata kufurahi na mtu kama nilivyofurahi na wewe siku zile nne. Nakuambia hili ili ujue kwamba yaliyofuata sikuyafanya kwa mtoto nisiyempenda.

Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, watu wameuza ufuta, harusi juu ya harusi, watoto wanatoka jandoni wamevaa vipya. Kila mtu alitaka picha. Nilipanda baiskeli hadi Ruangwa, nikafika mpaka Nandagala, nikampiga picha bibi mmoja aliyekataa kukaa kitini kwa kuwa, alisema, aliyekaa ni mgonjwa. Alisimama wima na mchi wake mkononi. Kunishukuru akanifungia mbegu za maboga kwenye kipande cha kitambaa. "Kampe binti yako," akaniambia. "Haya hayana kiburi, yanaota hata kwa maji ya kuoshea vyombo."

Nikakuletea. Ukalima nyuma ya nyumba peke yako, ukazungushia miba ili mbuzi wasiingie, ukapanda maboga, na pembeni mchicha na bamia. Asubuhi kabla ya shule unateremka kisimani, jioni unateremka tena. Na unajua sheria ya nyumba yetu wakati wa kiangazi: maji hayamwagwi mara moja. Ya kuoshea mchele, ya vyombo, ya kunawia mikono, yote yanaingia kwenye debe la mlangoni, na jioni unayabeba bustanini. Mashina yakatambaa mpaka kwenye ukuta wa jiko. Vibao vyangu vyote nilivyochora mwaka ule havikufikia uzuri wa maua yale ya manjano, na nilijua hivyo, na nadhani lilinikera kidogo. Hata hilo naliandika.

Sasa sikiliza habari ya sinia. Picha hutolewa kwa dawa ya kwanza, hushikizwa kwa dawa ya pili, kisha huoshwa kwa maji mengi. Nilifanyia kazi hiyo stoo, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Siku ya kwanza kabisa mama yako aliniambia, "Maji ya dawa yako kamwage shimoni, kule mbali." Nikamjibu kwamba dawa ya picha si sumu, ni elimu. Hata hivyo, siku za mwanzo nilikuwa nakwenda shimoni. Ni hatua arobaini. Halafu wateja wakazidi. Nikaanza kumimina maji ya mwisho ya kuoshea kwenye debe la mlangoni, nikijiambia hayo ni masafi, na kwa nini yapotee wakati mtoto anateseka kisimani? Hata nikajiona mwema. Baada ya wiki nikamimina na maji ya kwanza ya kuoshea. Baada ya hapo nikamimina kila kitu, dawa yenyewe, nyeusi, ya siku tatu, na wewe ukaja jioni ukajitwika debe ukaenda kunywesha maboga yako.

Mwanangu, ulibeba kwa kichwa chako mwenyewe, na mimi niliyejaza debe nilikuwa nakutazama.

Majani yalianza kuungua pembeni. Kisha maboga machanga yakawa manjano, yakaoza kwenye vikonyo, yakadondoka. Ukazidisha maji. Ulifikiri ni jua. Nami siku moja nilipokuwa natoka stoo nikaona pale mlangoni, mahali dawa inapodondoka nikimimina, majani yote yamekauka, duara tupu, na nje ya duara kijani kitupu. Nikaelewa papo hapo. Nilikuwa na sinia mkononi. Nikaenda kuimwaga shimoni, hatua arobaini, na nikiwa njiani nikaamua kwamba nitawaambieni jioni.

Jioni ile shangazi yako akafika kutoka Chiola. Dada yangu unamjua, haingii nyumba ya mtu kabla hajakagua uwanja. Akasimama kwenye bustani yako, mikono kiunoni, akamwita mama yako.

"Wifi, mtoto kavunja ungo, mbona mnanificha?"

"Nani? Somoe? Bado huyo."

"Bado! Haya yamekufaje basi? Mwanamke aliye kwenye siku zake akipita kwenye maboga, ndivyo yanavyokuwa hivi. Maboga hayasemi uongo, wifi."

Wakakuita ndani. Mimi nilikuwa stoo, ukuta wa udongo kati yetu. Nilisikia kila neno. Ulisema, "Wallahi bado, shangazi." Ukasema tena. Ukalia. Shangazi yako akasema mtoto anayeficha jambo kama hilo ataficha na makubwa zaidi. Na mimi, mikono yangu ilikuwa ndani ya dawa ile ile, picha ya bwana harusi wa Ruangwa inaanza kutokea kwenye karatasi, macho kwanza. Sikuinuka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mwanzoni nilijipa jibu la kiungwana: yale yalikuwa mambo ya kike, na kwetu baba hatii mguu kwenye mambo hayo, hata kuyasikia ni aibu. Hata sasa mkono unasita kuyaandika kwa binti yangu, unisamehe. Lakini hilo ni joho tu nililojivika. Ningeweza kutoka na kusema neno moja la kiume kabisa: dawa. Ukweli ni kwamba niliogopa mama yako angenitupia kamera shimoni pamoja na sinia zake. Niliogopa dada yangu angenicheka Chiola nzima. Na kilichonisukuma zaidi, ambacho sijapata kumwambia mtu, ni kwamba nilipomsikia anakusingizia nilihisi nafuu. Mzigo ulikuwa umepata kichwa kingine.

Walipoondoka ulikuja mlangoni pa stoo. Hukuingia, kwa kuwa nilikuwa nimekukataza kuingiza mwanga. Uliniuliza kwa nje, kwa sauti ndogo, "Baba, kweli ni mimi?"

Nikakujibu, "Watu wazima wakisema, sikiliza."

Nimewahi kusema uongo mwingine maishani. Nimemwambia bibi harusi mwenye makengeza kwamba katoka vizuri. Nimemwambia mama yako naenda Ruangwa siku moja nikakaa tatu. Hakuna ulionitesa kama maneno yale manne, na wala si uongo ukiyapima neno kwa neno. Ndiyo ubaya wake. Ulikuja kwangu ukiwa umebaki na mtu mmoja tu wa kukuamini, na mtu huyo alikuwa na ushahidi mkononi.

Ukakatazwa bustani. Kisimani wasichana wakakupa jina, Mkausha Maboga, na jina la kisimani halifutiki kwa sabuni. Ijumaa iliyofuata nikataka kukufurahisha, au kujifurahisha, sijui. Nikakuvalisha gauni la Idi, nikakusimamisha mbele ya pazia letu la waridi. Nikasema cheka. Nyuma ya nyumba bustani ya kweli imekufa, na mimi nakuamrisha ucheke mbele ya bustani ya rangi. Ulifumba macho nilipobonyeza. Wageni wakiiona picha ile huwa nawaambia lilikuwa jua.

Ungefikiri labda sikuwa na hakika, kwamba nilikuwa nadhani tu. Natamani ningekuwa na kisingizio hicho. Mwaka uliofuata nilipanda mashina mawili ya maboga pembeni mwa shamba letu la mikorosho, mahali msipopita. Moja nililinywesha maji ya kawaida, la pili nikalimwagia dawa ya sinia. La pili lilikufa ndani ya wiki. Nikang'oa yote mawili nisije nikaulizwa. Basi tangu siku ile nilikuwa najua kama ninavyolijua jina langu, na nikaendelea kunyamaza, mwaka, na mwaka mwingine. Ulipokuwa mwali kweli, miaka miwili baada ya kiangazi kile, nilifikiri hesabu yenyewe itakuokoa, kila mtu ataona kwamba ulisema kweli. Shangazi yako akasema, "Ameona aibu ya kuendelea kuficha." Nikanyamaza tena.

Na mimi ndiye ninayeishi kwa kutazama watu. Nikimweka mtu mbele ya kamera naona bega lililoshuka, naona kola iliyopinda. Kwa hiyo usidhani sikuona. Kila mvua zinapoanza, tukiwa shambani, mama yako anachimba mashimo na wewe unabeba mbegu kwenye kibuyu. Ukifika kwenye shimo, hudondoshi mbegu. Unamwekea mama yako kiganjani, yeye anadondosha, wewe unafukia kwa mguu. Mama yako amezoea, haoni tena. Unalima, unapalilia, unavuna kutushinda wote, lakini mbegu haijapita kati ya vidole vyako na udongo tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Miaka sita nimekuona ukifanya hivyo, na kila mwaka nimejiambia kwamba umesahau sababu, imebaki tabia tu. Kumbe hukusahau. Unataka kufagia jiko la watu ili usiwaharibie wenzako.

Sina nasaha za kukupa, na nikizitoa usizipokee kutoka kwangu. Naweza kukuambia tu nilichokiona kwa macho yangu. Siku ya kwanza ilikuwa rahisi kusema. Ningetukanwa jioni moja, kesho yake tungekula pamoja. Mwezi ulipopita ikawa lazima nieleze na mwezi wenyewe. Mwaka ulipopita ikawa lazima nieleze mwaka. Nilifikiri kimya kingelizika jambo, kumbe kilikuwa kinalilisha. Na jingine ni hili: mtu anaweza kuwa baba mzuri wa siku nyingi, wa mzaha na brashi na zawadi za safari, akashindwa siku moja tu ya kazi, na siku hiyo ndiyo mtoto aliyoihitaji. Usiniwekee zile siku nyingi kwenye mizani kwa huruma. Niweke nilipo.

Leo asubuhi, kabla hamjaondoka, ulipokuwa unaoga, nilimwambia mama yako. Nilianza kwa mbali, nikaanza na yule Mzungu na pua ya mkewe, akaniambia, "Saidi, sema." Nikasema. Alikuwa anafunga kanga za safari ya Chiola. Aliendelea kufunga, akafungua, akafunga tena.

"Mimi ndiye niliyemzuia asikanyage bustani," akasema. "Kwa mkono wangu nilimtoa."

"Hukujua."

"Nilikuwa mama yake. Alivyoniapia, ningetakiwa kujua." Kisha akanitazama, na hakunitukana, Somoe, ningeshukuru angenitukana. "Usiniombe mimi radhi kwanza. Na sitamwambia kwa niaba yako. Nitakwenda naye Chiola nikae na dada yako siku nzima mdomo umefungwa, uone kwamba kunyamaza kwaweza kufanywa na mtu kwa ajili ya haki. Kesho utasema mwenyewe."

Sasa unajua kwa nini mama yako atakuwa amekaa kimya njia nzima. Hana hasira na wewe. Hukufanya lolote leo, wala mwaka ule.

Sikuombi unisamehe kesho. Lori linaondoka mapema na msamaha wa kuharakishwa hauna maana, utanipa ukiupata, na usipoupata sitakulaumu. Ninachokuomba ni kimoja. Wakikupa lile tuta, lichukue. Panda mwenyewe, kwa vidole vyako. Kikifa kitu, kimekufa kwa jua, kwa wadudu, kwa maji machache au kwa meno ya mbuzi wa mwalimu. Tafuta sababu, uliza, chimba uone mizizi. Usianze kwa kujitazama wewe.

Nitakupa barua hii leo mtakaporudi, uisome kabla hatujafika kwenye kituo cha malori. Kesho watakuja watu kukuaga. Shangazi yako, ingawa mmemuaga leo, amesema atakuwepo, na wale wasichana wa kisimani, sasa wana watoto mgongoni, na baadhi yao bado wanakuita lile jina kwa utani. Kabla hujapanda lori nitawaambia wote, shangazi yako kwanza, nani aliyakausha maboga yale na kwa kitu gani. Maneno nimeyakariri. Lakini unanijua, mwanangu, na sasa unanijua zaidi. Ukiona dereva amewasha gari, na mimi nimesimama pale nazungumzia hali ya barabara na bei ya ufuta, basi itoe barua hii, uisome kwa sauti, kuanzia juu mpaka jina langu. Sitakuzuia, na sitaondoka pale mpaka umalize.

Baba yako,
Saidi